Utenzi wa Kombe la Wiyoni

Cherahani naizima,
suruali zitakwama,
leo nataka kusema
la Wiyoni uwanjani.

Jinangu ni Mwanatime,
fundi, nguo za kiume;
nasema, na mniseme:
mpira u mifupani.

Si ule wa kupigia
teke, watu wakalia;
ni huu wa kurukia
ukatua kikapuni.

Mashoga wanauliza,
"Mtu mzima kucheza?"
Sichezi, nawatukuza
wanetu walo mbioni.

Kanifunza Bwanaheri,
mwanangu, sasa Katari:
chaki, chokaa, mistari
pale kwetu sakafuni.

Tulianza kwa kichapo:
Mpeketoni, na hapo
tukarudi kama popo,
vichwa chini magotini.

Kocha wetu ni tabibu
wa meno, hana ghadhabu;
alinena taratibu:
"Jino hung'oka shinani."

Ramadhani ilifika;
tarawehe wakitoka,
taa moja ikiwaka,
hudunda hadi dakuni.

Nami na chupa ya chai,
tangawizi na mayai,
nikisema, "Hawafai!"
Kisha nawapa, jamani.

Jezi nimewashonea,
zambarau ya pazia;
saba ikanipindia
mgongo wa Athumani.

Nikamwambia, "Irudi,"
akakataa kusudi:
"Hii saba ni zawadi,
imeinama duani."

Famau, mfupi sana,
huuza barafu, mwana;
majitu yakibanana
yeye hupenya kwapani.

Naye Lali wa Bakari,
mrefu, mlango shari:
pajini ana athari
ya vizingiti vya ndani.

Tukafunga Faza, Witu,
Hindi, Kiunga, si kitu;
Mpeketoni, kwa utu,
tukalipa la moyoni.

Fainali, Jumamosi,
Malindi wakaja kasi;
raba nyeupe, nyepesi,
zang'ara kama sahani.

Robo ya tatu, jamaa,
punda kaja kuzubaa;
filimbi haikufaa,
akabaki mstarini.

Sekunde zimesalia
nne; wametuzidia
moja. Saba ya pazia
ikapigwa rafu, chini.

Akapewa mbili huru.
Magoti yalinidhuru,
nikafumba, sina nuru,
leso tele mdomoni.

Wa kwanza ukazunguka,
ukasita, ukashuka:
sare. Mtu hakucheka,
punda naye yu makini.

Wa pili haukugusa
chuma; ulishuka hasa,
fyu! sindano ya Mombasa
inayopenya kitani.

Moja zaidi. Yatosha.
Kipenga kikakomesha,
na mie nikajirusha,
buibui mabegani.

Kombe likapanda punda,
yule yule wa kukonda
(hakupigwa, akaenda),
tukamvika asumini.

Mkomani tukapita,
wenye chuki wakajuta,
vigelegele vyavuta
wagonjwa nje, barazani.

Kombe, tulipolitia
ukwaju, likavujia;
matone tukakingia
viganjani, vikombeni.

Usiku huo kwa simu
nikamwita, nina hamu.
Ana lindo, ana zamu
mlangoni, hotelini.

Nikamwambia, "Mwanangu,
wameshinda, saba yangu
imemaliza machungu."
Akalia Katarini.

Kisha akaniuliza:
"Bado hujaipanguza
mistari niliyojaza
ya chokaa sakafuni?"

Kila siku nafagia,
kandokando napitia,
na wateja nawambia,
"Rukeni hapo, rukeni."

Sasa nguo zaningoja;
kombe lipo, siku moja,
linavuja, linavuja,
tone tone, cherahani.